Meli Iliyokufa Maji na Haki ya Mpiga Picha

Kitu kilichoachwa na mwenyewe ni cha nani? Juu ya nchi kavu swali hili lina majibu mengi, na mahakimu hulipwa mishahara ili walijibu. Baharini lina ugumu wake. Meli ikipanda mwamba, au ikizamishwa mahali penye kina kifupi, mabaharia wakaokoka au wakafa, mwenye meli akalipwa bima yake au akafilisika, mzoga wa chombo hubaki pale pale, nusu ndani ya maji na nusu nje, ukitazamwa na kila apitaye. Mvuvi hutega madema yake kandokando. Chewa hufanya maskani katika chumba cha mashine. Watoto hujifunza kupiga mbizi kutoka ubavuni mwake. Kisha siku moja huja mtu na kamera, akaupiga picha mzoga ule, akaenda zake. Hakung'oa hata msumari mmoja. Je, amechukua kitu? Na kama amechukua, amemchukulia nani?

Najua wako watakaoliona swali hili kuwa ni swali la watu wasio na kazi. Picha, watasema, haipunguzi kitu. Meli iliyopigwa picha mara elfu ina chuma kile kile, kutu ile ile na samaki wale wale kama meli ambayo haijapata kuonwa na kamera. Hoja hii ina nguvu, na mtu atakayeipuuza hatafika mbali. Lakini haimalizi shauri. Mtu aweza kudhulumiwa pasipo kupungukiwa. Anayesimulia sokoni siri ya nyumba ya jirani yake hajaiba chungu wala kikombe, wala hapana atakayesema kuwa hakukosa. Anayemtazama mfiwa kama kwamba anatazama ngoma hakumwondolea mfiwa hata chozi moja, na bado mfiwa hujua kuwa ametendewa jambo. Basi kupungua kwa kitu si kipimo pekee cha dhuluma, na hapana budi tutafute kipimo kingine.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huisema pasipo kuijua. Bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka yapata mita 4 wakati wa bamvua. Siku hizo, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo mzoga unaofichwa na maji siku nyingine zote huweza kuonyesha mataruma yake kwa saa mbili tatu za asubuhi, wakati jua limekwisha kupanda kiasi cha kuangaza mpaka mchangani. Mpiga picha mwenye akili huzingojea siku hizo, na hasa huzingojea katika maleleji, kati ya kaskazi na kusi, upepo unapolala na maji yanapotulia yakawa kama kioo. Hata hapo hudanganywa. Akitazama kutoka juu ya mashua, kitu kilicho chini mita 4 huonekana kama kwamba ki mita 3 tu. Akizama mwenyewe, hudanganywa na rangi. Maji hula rangi nyekundu kabla ya rangi nyingine. Mtu hajafika mita 10 na nyekundu imekwisha kufifia, na ile kutu, ambayo juu ya maji ni nyekundu kama udongo wa milimani, huonekana kijivu au kijani. Akiwasha taa, nyekundu hurudi kwa ghafula.

Ipi basi ndiyo sura ya kweli ya meli ile: inayoonwa na samaki, au iliyoletwa na taa? Sitalijibu swali hilo, maana lataka makala yake peke yake. Nalitaja ili nionyeshe kuwa meli huokotwa, lakini picha hutengenezwa. Mtu huchagua mwezi, saa, pembe na mwanga. Na zaidi ya yote huchagua kitu cha kuacha nje. Huiacha nje mashua iliyomleta, huuacha nje mji ulio nyuma yake, huwaacha nje wavuvi ambao nyavu zao zitaharibu utulivu wa picha. Wanaosema kuwa kamera ni kioo wamesahau kwamba kioo hakichagui.

Lugha yetu ina neno lake katika jambo hili. Waingereza husema picha huchukuliwa. Sisi husema hupigwa, kama inavyopigwa mbiu, kama inavyopigwa ramli, na kama inavyopigwa hodi. Sitaki kuyajengea maneno haya nyumba kubwa kuliko msingi wake, kwa kuwa kitenzi kupiga kwetu hubeba kila mzigo kinachotwikwa. Lakini si vibaya kukumbuka kuwa kati ya vitu vyote vinavyopigwa kwa Kiswahili, hodi ndiyo inayotangulia mlango wa mtu, na kwamba mwenye kuipiga hungoja jawabu.

Sasa tutazame mfano mmoja kwa utulivu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikaangamiza mashamba ya mikarafuu pamoja na merikebu za Sultani Barghash. Mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow ilifika Unguja, na sura yake ikampendeza Sultani hata akaagiza atengenezewe nyingine iliyofanana nayo. Ilijengwa Uskoti, ikamalizika mwaka 1878, ikapewa jina lile lile. Ilipofika haikumpendeza kama alivyotazamia, ikakaa nangani mbele ya mji miaka kwa miaka, pambo zaidi kuliko silaha. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki dunia, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani akashika kiti pasipo ridhaa ya Waingereza. Alipewa mpaka saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 atoke. Saa ilipopita kwa dakika mbili, mizinga ya manowari ikaanza kunguruma. Glasgow ilikuwa na mizinga midogo 7 na bunduki moja ya Gatling, ambayo yenyewe ilikuwa ni zawadi ya Malkia Victoria. Kwa silaha hizo iliipiga manowari kubwa St George. Ilijibiwa, ikazama. Mabaharia wake walitweka bendera ya Kiingereza kuwa alama ya kusalimu amri, wakaokolewa wote na mashua za wale wale waliowazamisha. Vita vyote vilichukua dakika 38 hivi. Ndani ya jumba na kandokando yake watu wapatao 500 waliuawa au walijeruhiwa.

Maji ya bandari hayakuwa mengi, na milingoti ya Glasgow ilibaki imesimama juu yake. Ilisimama hivyo kwa miaka 16. Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawazwa siku ile ile ya mizinga, alitawala na kufa mwaka 1902 milingoti ile ikiwa mbele ya mji wake. Mwanawe Ali akatawala na kujiuzulu mwaka 1911, nayo ipo. Mwaka 1912 ndipo ilipokuja kazi ya kuivunja na kuiondoa. Utawala wa masultani wawili, tangu mwanzo hata mwisho, ulipita mbele ya kaburi lisilofunikwa. Sidhani kuwa ilikuwa vigumu kuiondoa mapema kiasi hicho. Lakini sina ushahidi wa nia ya mtu, na msomaji atafikiri mwenyewe.

Katika miaka hiyo Unguja ilikuwa na maduka ya wapiga picha, hasa ya Wagoa, kama duka la A. C. Gomes na lile la ndugu wa Coutinho, na kadi za picha ziliuzwa kwa abiria wa meli zilizopita kwenda na kurudi. Ziko picha za bandari ya wakati ule ambazo ndani yake milingoti ya Glasgow inaonekana wazi. Maji yametulia. Mbingu ni nyeupe. Mbele pana mitumbwi, nyuma pana majumba, na katikati ile milingoti imeinuka kama miti ya msitu uliofurikiwa. Ni picha nzuri. Mtu asiyejua habari hudhani kuwa meli ile imechoka, imepumzika.

Hapo ndipo lilipo shauri lenyewe. Picha ile iliweza kununuliwa na watu watatu katika siku moja. Afisa wa manowari aliinunua kama mwindaji anavyotundika pembe ukutani. Abiria aliinunua kwa kuwa ilikuwa ya ajabu, na nyumbani kwao hapakuwa na ajabu kama ile. Mtu wa mji ambaye ndugu yake aliuawa jumbani asubuhi ile hakuinunua. Alipita mbele ya dirisha la duka akaiona ikiuzwa. Karatasi ni moja, na yenyewe haikusema neno kwa yeyote katika hao. Picha yaweza kuonyesha kuwa jambo limekuwa, lakini haiwezi kuonyesha kuwa limekuwa kwa sababu gani. Haina njia ya kusema kwa ajili ya, wala kinyume cha, wala baada ya. Meli iliyozamishwa kwa mizinga na meli iliyozama kwa uzee wake, katika picha, ni dada mapacha.

Je, wapiga picha wale walikosa? Kwa maoni yangu hawakukosa kwa kupiga. Kama si wao, wajukuu wa mji ule wasingalipata kuiona Glasgow ilivyosimama, maana kitu chenyewe kiliondolewa, na kumbukumbu za waliokiona zimekwenda na wenyewe. Kuna mambo ambayo hatuna budi kumshukuru mtu hata kama nia yake ilikuwa ni kupata senti. Kosa, kama lipo, liko mahali pengine. Na ili tulione yafaa tutazame sheria moja ya zamani inayojulikana sana pwani.

Sheria hiyo ni ile ya kitu kilichookotwa. Mwenye kuokota mkoba njiani, kwa mafundisho ya wanazuoni wa Kiislamu, hakatazwi kuuokota, wala haambiwi kuwa umekuwa mali yake kwa sababu tu umelala mchangani pasipo mtu. Huambiwa autambue vema, mkoba wenyewe na uzi uliofungiwa, kisha atangaze kwa muda wa mwaka mzima mahali wanapokutana watu. Mwaka ukipita asitokee mwenyewe, aweza kuutumia. Na hata hapo, mwenyewe akija baadaye, haki yake haijafa. Naipenda sheria hii kwa kuwa haikubali ukali wa pande zote mbili. Haimwambii mpita njia afumbe macho aache mali ioze. Wala haimwambii kuwa macho yake ndiyo hati ya kumiliki. Humwambia: umeona, basi una deni la kusema.

Mpiga picha wa meli iliyokufa maji ni mwokotaji wa namna hiyo. Aliyoyaokota si chuma, bali ni sura ya msiba, au ya vita, au ya hasara ya mtu. Ana ruhusa ya kuinua. Ana deni la kutangaza: jina la chombo, mwaka kilipozama, kilichokizamisha, na watu waliokuwamo. Asipotangaza, amefanya kama yule aliyeutia mkoba mfukoni akasema kuwa hakumwona mtu.

Tuseme kijana amefika ufuoni asubuhi ya bamvua, kamera shingoni, akamkuta mvuvi mzee anashona jarife lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu. Nataka mtu wa kunipeleka kwenye ile meli iliyozama, niipige picha."

"Meli ipi?"

"Ile pale, yenye kutu."

"Ile ina jina, mjukuu wangu. Walijua?"

"Silijui, babu."

"Na waliokuwamo je?"

"Hao pia siwajui."

"Basi kaa kidogo. Maji hayajapwa bado, na mimi nina maneno mengi kuliko uzi."

Mazungumzo haya nimeyabuni, lakini kila aliyekaa pwani amesikia ya mfano wake. Mzee hakumkataza kijana. Hakumdai fedha. Alimpa kitu ambacho kamera haiwezi kukiona, na alimpa kabla ya picha, si baada yake. Maana mwenye kujua kuwa katika chumba kile cha nyuma walitolewa watu wanne hatakiinamia kwa pembe ile ile kama asiyejua. Maelezo si kibandiko cha kutiwa chini ya picha iliyokwisha. Huingia ndani ya picha yenyewe.

Yupo atakayenijibu kwa jina la uzuri. Atasema: umetaka kuifanya kila picha kuwa hati ya mahakama. Matumbawe yamekwisha kuufunika mkuku, chafi na kolekole wanazunguka mlingoti, bahari yenyewe imekwisha kusamehe. Kwa nini wewe uje na daftari? Na tena, meli isiyo na jina husema kwa niaba ya meli zote. Ukiipa jina umeifunga katika mwaka mmoja na bandari moja.

Sehemu ya kwanza ya jawabu hili hainisumbui. Sijapata kuona ua lililonyauka kwa sababu ya kutajwa jina, na uzuri unaoharibiwa na ukweli haukuwa imara tangu awali. Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Ni kweli kuwa mfano hutaka kuvuliwa nguo za mahali na za siku ili uwafae watu wote. Mtungaji wa hadithi hufanya hivyo, na mchoraji hufanya hivyo, nasi huwasifu. Lakini wao meli yao wameiumba. Wakitaka kuizamisha wataizamisha, na hakuna mama wa baharia atakayelia. Mpiga picha hakuumba. Nguvu yote ya kazi yake yatoka katika ahadi kwamba kitu kile kilikuwapo kweli. Hawezi kuichukua nguvu ya ukweli kwa mkono mmoja na kuukataa mzigo wa ukweli kwa mkono mwingine. Akitaka uhuru wa mchoraji, na ashike brashi.

Pingamizi kubwa kuliko hilo latoka kwa watu wema. Hao husema: kutangaza ni kuwaita wezi. Na historia ya maji yetu yawapa haki. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia Pegasus ya Waingereza iliyokuwa bandarini Unguja ikitengenezwa mashine zake, ikaizamisha, na mabaharia zaidi ya 30 wakafa. Königsberg ikajificha katika milango ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Hapo kamera ilifanya kazi ambayo wapiga picha wa maduka hawakuiwaza: mwezi wa Aprili 1915 rubani wa Kiingereza alipita juu akaipiga picha, ili wakubwa wake wajue ilipolala na hali iliyo nayo. Picha ilitangulia, mizinga ikafuata. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule Wajerumani wenyewe waliipasua meli yao isitumiwe na adui. Nayo ikakaa matopeni, sehemu yake ya juu nje ya maji. Wakaitoa mizinga yake 10 wakaikokota nchi kavu kupigania vita vilivyobaki, na mmoja wa mizinga hiyo unatazamwa leo Ngome ya Yesu, Mombasa.

Kisha ikaja zamu ya wanunuzi. Mwaka 1924 haki ya kuuvunja mzoga wa Königsberg ilinunuliwa na John Ingle, naye si mwingine ila yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mtu aliyepoteza meli yake na watu wake kwa mizinga ya meli ile alikuja miaka 10 baadaye akapeleka wazamiaji wamchukulie shaba yake. Je, ilikuwa ni kisasi, au ilikuwa ni biashara? Pengine mtu huyo mmoja angalikuwa na haki kuliko wengine wote ya kuutazama mzoga ule kimya kimya, pasipo kutoa maelezo kwa yeyote. Alipomaliza, aliwauzia haki yake wengine, na kuvunja kuliendelea kwa vipindi mpaka miaka ya 1960. Mwaka 1966 kilichobaki kiliporomoka kikazama katika tope la mto. Pegasus nayo iliuzwa kuwa chuma chakavu mwaka 1955. Basi wale wanaoogopa kuwa tangazo huleta nyundo hawaogopi kivuli.

Hata hivyo ile sheria ya mkoba imekwisha kuliona tatizo hili kabla yetu. Anayetangaza hatakiwi kueleza alama zote. Hasemi mkoba ni wa ngozi ya namna gani, una uzi wa rangi gani, wala una fedha ngapi; maana akisema hayo kila mwongo ataudai. Hutangaza kuwa kimepatikana kitu, na alama huziweka moyoni, ili mwenyewe ajulikane kwa kuzitaja. Mpiga picha naye na afanye vivyo hivyo. Jina, mwaka, sababu na watu, hayo ni ya kutangazwa. Mahali penyewe hasa, kina chake, na njia ya kuingilia katika chumba chenye shaba, hizo ni alama, na alama hazitangazwi sokoni. Ni kweli kuwa mzoga unaoweza kupasua vyombo vya wengine hauna budi kuwekewa boya na kuandikwa katika ramani za bahari. Mkataba uliofanywa Nairobi mwaka 2007 juu ya kuondoa mabaki ya meli wautaka uhatari huo utangazwe na mahali pake pawekwe alama. Lakini hiyo ni haki ya nahodha aliye hai, na ina vitabu vyake. Picha si ramani.

Limebaki jambo la wakati, nalo ndilo lililo gumu kuliko yote kwangu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ile ile ya mwaka iliyozama Pegasus, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika ziwa Viktoria, hatua chache kutoka ufuoni. Watu zaidi ya 200 walikufa. Picha za tumbo la kivuko lililoelekea juu, mashua zimelizunguka, zilienea duniani siku ile ile. Siku mbili baadaye mtu mmoja alitolewa ndani yake akiwa hai. Je, waliopiga picha zile walikosa adabu? Nadhani hapana. Picha ya siku ya kwanza ni ukunga: yaita waokozi, yashuhudia wingi wa abiria, yazuia mtu mkubwa kusema kesho kuwa mambo hayakuwa hivyo. Lakini picha ile ile, ikitolewa baadaye ikatiwa fremu kwa ajili ya umbo la chuma na rangi ya maji, imekuwa kitu kingine, ingawa hapana nukta iliyobadilika katika karatasi. Kilichobadilika ni kazi iliyopewa.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji huhesabu miaka 100. Kitu kilichokaa majini muda huo ni urithi. Yafaa kiachwe mahali kilipo kabla ya kufikiriwa lingine lolote, na watu waruhusiwe kukitazama na kukiandika habari zake pasipo kukigusa. Sheria haina budi kuwa na hesabu, wala sitoi lawama kwa hesabu hii. Lakini itazame inavyokwenda kinyume na moyo. Pegasus ilitimiza miaka 100 mwaka 2014, Königsberg mwaka 2015. Wakati huo hapana mjane aliyebaki, wala yatima. Mkataba huanza kumlinda maiti walipokwisha waliomlilia. Katika ile miaka ya mwanzo, ambamo mama bado huja ufuoni jioni akatazama upande ule, mzoga hauna mkataba huo wa kuukinga. Una tabia za watu tu. Yule mwenye kamera ni mmoja wa watu hao, na yeye ndiye afikaye karibu kuliko wengine.

Kwa hiyo ule mwaka mmoja wa kutangaza, uliowekwa kwa mkoba, sijui jinsi ya kuupima kwa meli. Kwa Glasgow nadhani haujaisha. Picha zake zimo katika majumba ya makumbusho na katika makusanyo ya watu, na nyuma ya kila moja pana nafasi ya kutosha kwa penseli. Katika zile ambazo nimepata kuziona katika vitabu, chini yake huandikwa bandari ya Unguja, na pengine jina la meli na mwaka wa vita. Jina la St George huandikwa pia, kwa kuwa ilishinda. Majina ya wale mabaharia waliotweka bendera ya adui wakashuka katika mashua zake, na ya wale waliokuwa jumbani, sijayaona hata mara moja.